Jiwe lililolelewa na petroli lafundishwa kula magunzi

Katika nyumba niliyokulia, gunzi la mahindi lilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ni kuwashia moto. Ya pili ni kuziba mdomo wa chupa ya mafuta ya taa. Ya tatu ilikuwa ya chooni, na sina haja ya kuieleza kwenye gazeti la Jumapili. Zaidi ya hapo gunzi halikuwa na thamani. Msimu wa kupukuchua ukiisha, rundo lilikaa nyuma ya ghala mpaka mvua ilioze.

Miaka mingi baadaye nikakutana na neno furfurali, nikadhani ni dawa ya mbu. Kumbe ni pumba. Furfur kwa Kilatini ni pumba, na wakemia wa Ulaya wa karne ya 19 waliyapa jina hilo mafuta yenye harufu ya lozi waliyoyapata walipochemsha pumba za nafaka pamoja na asidi ya salfa. Yalibaki kuwa kitu cha maabara hadi mwaka 1922, pale kampuni ya Quaker Oats ya Cedar Rapids, Iowa, ilipochoshwa na milima ya maganda ya oti iliyobaki baada ya kusaga uji wa Wamarekani. Kiwandani palikuwa na matangi ya kupikia yaliyokaa bure. Wakayajaza maganda, wakamimina asidi, wakapuliza mvuke, wakauza kilichotoka. Upishi wa namna hiyo haujabadilika sana mpaka leo, isipokuwa umehamia China kwa sehemu kubwa, na kinachopikwa huko si oti tena. Ni gunzi. Furfurali nyingi inayopatikana hugeuzwa kuwa gundi ya kushikamanisha mchanga wa kalibu za kusubia vyuma, kwa hiyo huenda injini ya gari lako ilizaliwa ndani ya mchanga ulioshikwa na sukari ya mahindi.

Kenya iliwahi kujaribu. Eldoret, katikati ya nchi ya mahindi, palijengwa kiwanda cha furfurali cha kula magunzi. Hakikudumu.

Asidi ya salfa ni mtumishi mwenye nguvu asiyejua kuacha. Inakula chuma cha tangi. Inaivunja sukari ya gunzi, furfurali inazaliwa, lakini haiishii hapo: inaishika hiyo furfurali changa na kuiunganisha na sukari iliyobaki mpaka litoke tope jeusi, na karibu nusu ya kilichoweza kupatikana huzama humo. Mwisho yanabaki maji makali yasiyofaa kuachiwa mto wowote. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wakemia, wa Montpellier nchini Ufaransa wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, wamekuwa wakijaribu asidi ya namna nyingine: asidi iliyofungwa ndani ya jiwe, yenye milango ya kipimo maalumu, isiyoondoka na maji. Jiwe lenyewe lipo, linaitwa zeolaiti, na dunia inalitumia kila siku. Tatizo ni malezi. Jiwe hili limekulia kwenye viwanda vya petroli, na tabia zake zote ni za huko.

Jiwe linalochemka

Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Uswidi, Axel Fredrik Cronstedt, alipasha moto jiwe fulani akaliona linatokota na kutoa mvuke kama sufuria. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kuchemka na jiwe, akapata zeolaiti. Maji yalikuwa yamejificha ndani ya vijumba vya jiwe lenyewe. Yakishatoka, vijumba hubaki wazi kupokea wageni wengine.

Sisi tumekaa juu ya jiwe hili muda wote. Kwenye korongo la Olduvai (Oldupai, kama Wamaasai wenyewe wanavyosema), ambako Mary Leakey alifukua mabaki ya binadamu wa kale, mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay alitumia miaka mingi kusoma tabaka za majivu ya volkano zilizofunika mabaki hayo. Humo alikuta zeolaiti. Majivu kutoka milima ya Ngorongoro yalikuwa yakianguka kwenye ziwa lililokuwa la magadi. Kioo laini cha volkano na maji ya magadi vikapikana taratibu, likatoka jiwe lenye vyumba. Viwandani hufanya hivyohivyo ndani ya siku chache: silika, alumina, soda kali, maji, tangi lililofungwa na moto. Hadi sasa miundo iliyotambuliwa rasmi ya mawe haya, ya asili na ya kutengenezwa, imepita 250.

Atomu za silikoni na oksijeni hushikana zikafanya kiunzi chenye vyumba na ujia, na upana wa milango ni uleule kutoka ncha moja ya punje hadi nyingine. Zeolaiti iitwayo ZSM-5 ina milango ya karibu nanomita 0.55. Mkongwe wake, Y, ina milango ya 0.74. Jicho la mwanadamu halina maana hapa, lakini kwa molekuli tofauti hiyo ni sawa na ya chekeche na kifumbu: unga hauchekechwi kwa kifumbu, wala tui halikamuliwi kwenye chekeche.

Sasa ondoa silikoni moja uweke alumini mahali pake. Hesabu ya chaji inapungua moja, na pengo linazibwa na hidrojeni iliyoshikwa kwa uzi mwembamba, tayari kumrukia yeyote apitaye. Hiyo ndiyo asidi iliyofungwa. Inauma kama ile ya chupa, ila kuitenganisha na mchuzi unachuja tu, kama unavyochuja majani ya chai.

Huenda umeshahudumiwa nayo bila kujua. Sabuni za unga za Ulaya zimekuwa na zeolaiti tangu miaka ya 1970, kazi yake kulainisha maji. Zile mashine za oksijeni zilizotafutwa kwa udi na uvumba wakati wa Uviko-19 zimejaa punje zake: hewa inasukumwa ndani, naitrojeni inashikwa, oksijeni inakwenda kwa mgonjwa. Lakini kilichoitajirisha ni petroli. Mwaka 1964 Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walipewa hataza ya kutumia zeolaiti kuvunja mafuta mazito, na haukupita muda viwanda vya kusafisha mafuta vikaacha vichocheo vya zamani. ZSM-5 nayo ilizaliwa Mobil, hataza yake ni ya mwaka 1972. Baadaye kidogo watu walewale wakaona kwamba ukiipa methanoli, upande wa pili inatoka petroli. New Zealand ikajenga kiwanda kizima pale Motunui katikati ya miaka ya 1980, gesi asilia ikiingia, mapipa yapatayo 14,500 ya petroli yakitoka kila siku.

Kwa hiyo tunapozungumzia zeolaiti na mimea tunazungumzia mfanyakazi hodari, mzoefu, aliyehamishwa idara.

Mti si mafuta

Mafuta ghafi ni kaboni na hidrojeni, basi. Yamekaa ardhini mamilioni ya miaka yakinyang'anywa oksijeni. Mti uliokatwa jana bado unayo yote: zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa kuni kavu ni oksijeni. Ndiyo sababu kilo ya kuni haichemshi maji mengi kama kilo ya mafuta ya taa. Sehemu ya mzigo uliojitwisha kichwani imeshaungua kabla hujawasha kiberiti.

Hapo jiwe linachanganyikiwa. Limezoea minyororo isiyo na oksijeni, sasa linaletewa sukari, ambazo zimejaa oksijeni kila kona. Limezoea mvuke wa moto, linatumbukizwa majini. Limezoea molekuli nyembamba zinazoteleza, linaletewa selulosi, uzi mrefu usioingia kwenye mlango wowote, na lignini, gundi ya mti, ambayo ni wavu uliojisokota. Wataalamu wa nishati wa Tanzania wana neno moja la kuyaita yote haya, tungamotaka, na nalipenda kwa sababu linakiri kwamba ni rundo. Ndani ya rundo kuna vitu vitatu visivyofanana, selulosi, hemiselulosi na lignini, na kila kimoja kinahitaji ufunguo wake.

Maji ndiyo ya kutisha zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuziweka ZSM-5 na Y kwenye maji ya nyuzijoto 150 na 200. ZSM-5 ilivumilia. Aina kadhaa za Y, jiwe lililoyalisha magari ya dunia kwa zaidi ya miaka 40, zilibomoka ndani ya saa chache zikawa vumbi lisilo na umbo.

Njia moja ya kuyakwepa maji ni moto. Aliyewahi kukaa karibu na tanuru la mkaa anaujua moshi wake, mzito, mchungu, wenye siki. Mchoma mkaa huuacha moshi uende zake akabaki na mkaa. Wahandisi hawa ni kinyume chake. Wanaisaga kuni iwe chembe, wanaipasha ghafla hadi karibu nyuzi 500 bila hewa kwa sekunde moja au mbili, na wanachokitaka ni moshi. Ukipoa unakuwa mafuta meusi yenye maji mengi, makali kama siki, yanayoganda yakikaa na kutoboa bomba yakisafiri. Ila ukiupitisha juu ya ZSM-5 ungali wa moto, jiwe linauvua oksijeni na kuitoa kama maji na gesi za kaboni, na mabaki yanajipanga upya humo ndani kuwa benzini, tolueni na zailini. Vyumba vina nafasi ya pete moja ya kaboni sita. Pete moja ndiyo inayotoka. Hizo tatu ndizo mama wa plastiki, rangi, dawa na nyuzi za nguo za kisasa.

Malipo ya kazi hiyo ni masizi. Sehemu ya oksijeni hutoka imeshika kaboni, na hiyo ni kaboni uliyoilipia ikipaa angani. Kaboni nyingine inaganda kwenye ujia, jiwe linaziba ndani ya dakika chache, inabidi litolewe, lichomwe kwa hewa mpaka liwe safi, lirudishwe, tena na tena usiku kucha.

Asiyeiheshimu hesabu ya masizi yatamkuta. Kampuni ya KiOR, iliyoungwa mkono na bilionea Vinod Khosla pamoja na mkopo wa dola milioni 75 kutoka jimbo la Mississippi, ilijenga mjini Columbus kiwanda cha kugeuza misonobari kuwa mafuta ya magari. Shehena za kwanza zilitoka mwaka 2013. Novemba 2014 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Mwaka 2016 mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa iliishtaki kwamba iliwapotosha wawekezaji kuhusu galoni ngapi ilizipata kwenye kila tani ya kuni.

Wengi husoma kisa cha KiOR kama kisa cha uongo. Mimi nakisoma kama kisa cha bidhaa. Ukiwa na kitu kigumu kukitengeneza, usikiuze mahali ambapo mshindani wako anatoboa ardhi tu. Lita ya petroli ni bidhaa ya bei ya chini. Kilo ya kemikali ni habari nyingine. Kampuni ya Anellotech, iliyotumia wazo la moshi na ZSM-5 tangu mwaka 2008, ilichagua kulenga pete badala ya mafuta ya gari, na ikapata mshirika mwenye subira, Suntory ya Japani, wauza vinywaji. Desemba 2021 Suntory walionyesha chupa ya plastiki isiyo na tone la petroli: sehemu yake moja ilianza kama vipande vya mbao, nyingine kama molasi ya sukari. Ilikuwa chupa ya mfano. Muda kutoka kuanzishwa kwa kampuni hadi chupa hiyo ni miaka 13, na bado haikuwa dukani. Nawataja kwa heshima, si kwa kejeli. Kazi hii ndiyo mwendo wake.

Bati ndani ya jiwe

Njia ya pili ni ya upole, na ndiyo inayonivutia mimi. Sukari usiichome. Iache majini, ubadili jiwe.

Huko Valencia, Hispania, Avelino Corma na wenzake walichukua zeolaiti iitwayo Beta, wakaacha kabisa kutia alumini, wakatia bati. Namaanisha bati lenyewe, madini yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera na ng'ambo ya mpaka Rwanda. La kuezekea nyumba, tunaloliita bati, ni chuma kilichovikwa zinki. Walichapisha mwaka 2001, na lengo lao halikuwa sukari hata kidogo. Walitaka kutia oksijeni kwenye kemikali nyingine bila kutumia dawa za hatari.

Bati hufanya kazi tofauti na alumini. Palipo na alumini, kinachouma ni ile hidrojeni ya pembeni. Palipo na bati, linalouma ni bati lenyewe: linaishika oksijeni ya mgeni na kumkunja. Kuta zinazolizunguka ni silika tupu, na silika tupu haipendani na maji, kwa hiyo hata jiwe likizamishwa, ndani ya vyumba maji huwa machache. Kwa jiwe linalotakiwa kula sukari, sifa hizo mbili ni kama zilitungwa makusudi.

Iliwachukua watu miaka tisa kuliona hilo. Mwaka 2010, katika taasisi ya Caltech huko California, Mark Davis akiwa na Manuel Moliner na Yuriy Román-Leshkov walitia glukosi kwenye maji, wakatia Beta yenye bati, wakapasha hadi nyuzi 110 kwa nusu saa. Asilimia 31 ya kilichokuwa ndani ilikuwa imegeuka kuwa fruktosi. Kazi hiyo viwandani hufanywa na kimeng'enya, ndicho kinachotengeneza sharubati tamu ya mahindi iliyomo kwenye soda za Marekani. Kimeng'enya ni fundi mzuri lakini ana masharti: joto la wastani, maji yaliyosafishwa, asidi hataki. Jiwe lilifanya kazi hata kwenye maji yenye asidi kali, na kila atomu ya bati ilihudumia glukosi zipatazo 50. Siri yenyewe ni hidrojeni moja tu kuhama kutoka kaboni ya pili kwenda ya kwanza. Mwaka 2014 Corma na Davis, pamoja na Galen Stucky, walipewa tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias huko Hispania.

Na fruktosi ya nini? Fruktosi huachia maji kwa urahisi kuliko glukosi. Ikipoteza molekuli tatu za maji inakuwa ndugu wa damu wa furfurali, na ndugu huyo ana mikono miwili badala ya mmoja, hivyo anaweza kushikwa pande zote na kufumwa kuwa plastiki. Gunzi nalo hupita njia hiyohiyo: sukari yake, zailosi, ikigeuzwa kwanza na bati hufika kwenye furfurali bila kuhitaji kuteswa kwa moto mkubwa.

Mwaka huohuo wa 2010, Denmark, watafiti wa kampuni ya Haldor Topsøe na wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha nchi hiyo walibadili kitu kimoja. Badala ya maji waliweka methanoli, wakapandisha joto hadi nyuzi 160. Sukari, ile ya mezani, ya chai, ilikatika vipande vya kaboni tatu tatu vikawa methaili laktati, na mavuno yakafika asilimia 68. Asidi laktiki ndiyo inayoyachachua maziwa ya mgando. Kiwandani hutengenezwa na bakteria, ambao huzidiwa na asidi wanayoitoa wenyewe, hivyo hutiliwa chokaa. Mwisho wa siku kila tani ya asidi huacha karibu tani nzima ya jasi ya kutafutiwa pa kutupa. Jiwe halizidiwi na asidi wala haliachi jasi.

Lakini kisa ninachokirudia kila ninapoulizwa zeolaiti ina faida gani ni cha Leuven, Ubelgiji. Asidi laktiki mbili zikishikana mikono yote miwili hufanya pete, laktaidi, na pete hizo ndizo zinazofumwa kuwa plastiki ya PLA, ya vikombe na nyuzi za kushonea majeraha. Shida ni kwamba asidi hizi zikikutana haziishii mbili. Wa tatu anadandia, wa nne, unapata foleni. Kiwandani huiacha foleni ijipange, kisha huikatakata kwa joto na ombwe mpaka pete zipatikane, kazi mara mbili. Mwaka 2015 Michiel Dusselier, Bert Sels na wenzao waliziweka asidi hizo ndani ya zeolaiti Beta. Chumba kinatosha wawili. Wa tatu hana pa kukaa. Pete ikatoka kwa hatua moja.

Mkia wa korosho

Imebaki lignini, na hapa habari inatufikia nyumbani.

Kundi la Sels, mwaka 2020, lilichapisha hesabu ya kiwanda kinachoula mti karibu mzima: asilimia 78 ya uzito wa mbao za mbetula iligeuka kuwa kitu cha kuuzwa. Lignini hutolewa kwanza, inavunjwa kuwa fenoli zenye mikia mifupi ya kaboni mbili au tatu, kisha ZSM-5 inaikata mikia hiyo. Fenoli inakwenda kwenye gundi za mbao na plastiki ngumu. Mkia unakuwa propilini, mama wa mandoo na viti vya plastiki. Katika ukataji huo waligundua jambo la kuchekesha. Jiwe lilikuwa likiziba, kwa sababu fenoli ikishaachwa haitaki kutoka mlangoni. Dawa yake ikawa kupuliza mvuke. Maji, adui wa kurasa zote zilizotangulia, ndiyo yaliyoufungua ujia.

Fenoli yenye mkia. Akina mama wanaobangua korosho kwa mkono Mtwara na Lindi wanaijua vizuri, kwani ndiyo inayowababua vidole. Ganda la korosho limebeba mafuta mazito ya hudhurungi, robo ya uzito wake au zaidi, na ndani yake imo asidi ambayo ikipashwa moto huachia kaboni dayoksidi na kubaki kadanoli: fenoli iliyovaa mkia wa kaboni 15. Wazungu wanavunja mti wa mbetula kwa gharama kubwa ili kuipata fenoli ya namna hiyo. Mkorosho unaitengeneza wenyewe, kila msimu, na kuifungasha.

Tangu zamani mafuta hayo hutumika kwenye pedi za breki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo akina Quintino Mgani, walishirikiana na David Cole-Hamilton wa St Andrews, Scotland, na mwaka 2012 walionyesha kwamba kadanoli inaweza kufupishwa mkia hadi kaboni tatu. Kinachopatikana ni moja ya harufu za mkojo wa ng'ombe, ile inayomvuta mbung'o kwenye mtego. Hawakutumia zeolaiti, walitumia vichocheo vya metali ghali. Lakini somo ni lilelile la mkia na kisu, na zeolaiti ni kisu kinachoweza kunolewa kwa kuchomwa moto.

Korosho zetu nyingi huuzwa ghafi kwenye minada ya stakabadhi ghalani, zikapakiwa kwenda India na Vietnam. Tukijadili hasara ya kuuza ghafi huwa tunahesabu punje na ajira za ubanguaji. Ganda halimo kwenye hesabu, nalo linasafiri bure ndani ya gunia lilelile.

Miwa nayo ni hivyohivyo kwa kiasi. Kilombero, makapi ya miwa huchomwa kwenye matanuri ya kiwanda kutoa mvuke na umeme, na si haki kuita huko ni kutupa. Ila Illovo, kundi lenye hisa nyingi Kilombero, kwa miaka mingi limekuwa likitengeneza furfurali kutokana na makapi hayohayo pale Sezela, KwaZulu-Natal, na sehemu yake huuzwa kama dawa ya minyoo inayoshambulia mizizi ya mazao. Kinachochukuliwa ni sukari ya hemiselulosi, zailosi ileile ya gunzi. Mabaki yanarudi tanurini na bado yanawaka. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, pamoja na ganda la korosho: malighafi imeshakusanyika mahali pamoja. Magunzi yametawanyika mashambani, na lori la magunzi ni lori la hewa.

Na jiwe? Kaolini ya Pugu, udongo mweupe wa nje kidogo ya Dar es Salaam, ina silikoni na alumini kwa idadi sawa, uwiano uleule wa zeolaiti A. Uchome hadi nyuzi 600 au 700, uchemshe na soda kali, A itatoka. Itafaa kwa sabuni na kukaushia gesi. Kwa sukari haifai, mlango wake wa nanomita 0.4 ni mdogo mno. Ukitaka ZSM-5 lazima uongeze silika nyingi. Silika ya bei nafuu iko kwenye majivu ya pumba za mpunga, ambayo ni silika kwa zaidi ya asilimia 85, na maabara za nchi kadhaa zinazolima mpunga zimeshatengeneza ZSM-5 kwa majivu hayo.

Bonde la Kilombero lina miwa upande mmoja na mpunga upande mwingine. Mashine za kukoboa za Ifakara zinarundika pumba nje, wachoma tofali wanazibeba kwa mikokoteni, tanuru linaungua siku kadhaa. Tofali zikishapoa zinapakiwa. Majivu yanabaki palepale ukingoni mwa barabara, mepesi, ya kijivu, na lori la miwa likipita yanapanda hewani.